Shule za Rosenwald: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Kuhusu Kuokoa Shule Kuukuu ya Kijijini

Ukurasa huu nimewaandikia Waswahili wenzangu wanaokutana nami Jumamosi jioni nikiwa nimejaa vumbi la mbao, wakauliza natoka wapi. Natoka shuleni. Shule yenyewe haina mwanafunzi tangu miaka ya sitini. Ni ya mbao, ina vyumba viwili vya darasa, na iko pembeni mwa shamba la soya katika jimbo la North Carolina, Marekani. Mimi ni seremala, mzaliwa wa Tanga, na nimo kwenye kamati inayohangaika kuiokoa. Maswali huwa ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Penye mengi ya kusema nimesema mengi. Pasipo na mengi nimepita.

Shule ya Rosenwald ni shule gani hasa?

Ni shule zilizojengwa kwa ajili ya watoto Weusi wa vijijini katika majimbo 15, mengi yao ya kusini mwa Marekani, kati ya mwaka 1912 na 1932. Sheria za ubaguzi zilitenganisha watoto kwa rangi, na watoto Weusi wengi walisomea makanisani au kwenye vibanda vinavyovuja, kama walisoma kabisa. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa akaja kuwa mkuu wa chuo cha Tuskegee huko Alabama, alitaka kujenga shule ndogo ndogo vijijini. Mwaka 1912 Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago aliyeongoza kampuni ya biashara ya Sears, Roebuck, alitimiza miaka 50, na katika kusherehekea akaipa Tuskegee dola 25,000. Washington akaomba dola 2,800 kati ya hizo zijenge shule sita za majaribio. Ya kwanza, ya Loachapoka, Alabama, ilikamilika mwaka 1913.

Kutoka sita zikafika 4,977, na juu yake nyumba 217 za walimu na karakana 163. Kufikia mwaka 1928, katika kila shule tano za watoto Weusi vijijini kule kusini, moja ilikuwa ya Rosenwald. North Carolina ndiyo iliyojenga nyingi kuliko jimbo lolote. Mwandishi Maya Angelou alisoma katika mojawapo huko Stamps, Arkansas, na John Lewis, aliyekuja kuwa mbunge, alisoma katika nyingine huko Pike County, Alabama.

Kwa hiyo zilijengwa na tajiri mmoja?

Hapana, na hili ndilo swali ninalolijibu kwa hamu kuliko yote. Jina ni la Rosenwald, lakini fungua hesabu uone. Hadi mpango unafungwa mwaka 1932, majengo yote pamoja yalikuwa yamegharimu zaidi ya dola milioni 28. Mfuko wa Rosenwald ulitoa kama milioni 4.3. Wamarekani Weusi wenyewe, wengi wao wakulima wa kulima shamba la mtu na kugawana naye mavuno, walichanga zaidi ya milioni 4.7. Wazungu walichangia kama milioni 1.2. Zilizobaki, kama milioni 18, zilitoka serikalini.

Na hizo za serikali ni kodi. Watu Weusi walilipa kodi kama wengine, na kwa miaka mingi kodi yao ikajenga shule za watoto wa Kizungu. Basi ili mtoto wao apate darasa lenye mwanga walilipa mara mbili, kwanza kodi halafu mchango. Masharti ya mfuko ndivyo yalivyokuwa: kijiji kichange, ndipo nao utoe. Sisi tuliokulia kwenye harambee na misaragambo hatuhitaji kuelezwa sana. Asiyekuwa na fedha alitoa siku zake za kazi. Mwingine alitoa miti ya kupasua mbao, mwingine kiwanja. Kina mama walikaanga kuku na samaki wakauza. Kuna vijiji vilivyotenga kipande cha shamba la pamba, mavuno yake yote yakawa ya shule. Huko Boligee, Alabama, wakala wa ujenzi aliacha maelezo ya mzee aliyewahi kuonja utumwa, ambaye kwenye mkutano wa mchango alitoa kifuko chake kikuukuu na kumwaga mezani akiba ya maisha yake yote. Zilikuwa dola 38.

Kwa hiyo mtu akisema mbele ya wazee wetu wa kamati kwamba "Rosenwald aliwajengea", huwa kunatokea ukimya fulani.

Wewe wa Tanga unahusikaje na shule za Wamarekani?

Jibu fupi: mbao ni mbao. Jibu refu lina safari ndani yake.

Kazi ya kuzunguka vijijini kuhamasisha michango ya shule hizi mara nyingi ilifanywa na walimu walioitwa walimu wa Jeanes. Wengi wao walikuwa wanawake, wakitembelea shule moja baada ya nyingine, wakilipwa na mfuko ulioachwa na Anna T. Jeanes, mwanamke wa Kikweka (dhehebu la Kikristo) wa Philadelphia. Wa kwanza wao, Virginia Randolph wa Henrico County, Virginia, alianza kazi hiyo mwaka 1908. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa elimu wa Kimarekani, ilikuja Afrika Mashariki kuangalia elimu, ikapita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ndani ya tume alikuwamo James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast (Ghana ya leo), ambaye kwa miaka mingi alifundisha katika chuo cha Livingstone, mji wa Salisbury, hapa hapa North Carolina. Mwaka uliofuata, 1925, ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete, Kenya, ya kuandaa walimu wa kuzunguka vijijini kama wale wa huku. Leo mahali pale ndipo ilipo Kenya School of Government.

Sisemi wazo lile lilikuwa safi. Lilibeba fikra kwamba elimu ya mtu Mweusi iishie kwenye jembe na randa, na walowezi walilipenda kwa sababu hiyo hiyo. Washington naye alilaumiwa na Wamarekani Weusi wenzake kwa jambo hilo. Lakini wazazi, wa huku na wa kule, walichukua walichopewa wakadai zaidi. Mimi nikipiga msumari hapa huwa najiona niko kwenye nyumba ya ndugu wa mbali.

Zimebaki ngapi?

Kama 500, yaani takriban moja katika kila kumi. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kutenganisha watoto kwa rangi mashuleni ni kinyume cha katiba. Uamuzi ulikuwa wa haki, ila utekelezaji ulivyokuwa, shule zilizofungwa zilikuwa za watoto Weusi. Watoto wakahamishiwa kwingine, na baadhi ya walimu wao wakakosa kazi. Majengo yakauzwa kwa bei ya kutupa au yakaachwa. Mengine yakawa kumbi za kanisa, mengine ghala la majani ya ng'ombe, mengine yakaanguka taratibu bila mtu kutazama.

Mwaka 2002 shirika la National Trust for Historic Preservation liliziweka shule hizi kwenye orodha yake ya maeneo 11 ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi nchini. Kuanzia hapo watu wakaanza kuangalia upya mabanda waliyokuwa wakiyapita kila siku.

Nitajuaje kama jengo kuukuu la kijijini kwetu ni la Rosenwald?

Anza na madirisha. Vijijini hakukuwa na umeme, kwa hiyo ramani zilichorwa kufuata jua. Madirisha marefu yamepangwa safu, matano, sita au zaidi yakiwa yameshikana, na safu hiyo inatazama mashariki au magharibi. Ramani zilitolewa za aina mbili, za jengo linalotazama kaskazini au kusini na za linalotazama mashariki au magharibi, ili vyovyote kiwanja kilivyokaa, darasa lipate jua la pembeni. Madawati yalipangwa mwanga uingie kwa bega la kushoto la mtoto, kivuli cha mkono wake kisiangukie anachoandika. (Wa mkono wa kushoto sijui waliwafikiriaje. Nadhani hawakuwafikiria.)

Halafu chungulia chini. Jengo limenyanyuliwa juu ya nguzo fupi za matofali, hewa ipite chini ya sakafu. Ndani tafuta ukuta wa katikati unaokunjwa au kusukumwa ili vyumba viwili viwe ukumbi mmoja, maana shule hizi zilikusudiwa pia kuwa mahali pa mikutano. Tafuta vidirisha vya juu kwenye kuta za ndani, vya kupitisha upepo. Tafuta chumba kidogo cha mbele cha kazi za mikono.

Ramani za mwanzo zilitoka Tuskegee, chini ya Robert R. Taylor, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha teknolojia cha MIT, Massachusetts, mwaka 1892. Mwaka 1920 ofisi ya ujenzi ilihamia Nashville chini ya Samuel L. Smith, na ramani zake zilisambazwa hadi zikajenga hata shule zisizopata senti ya Rosenwald. Ndiyo maana sura peke yake haitoshi. Uthibitisho uko chuo kikuu cha Fisk, Nashville, ambako kadi za mfuko zimehifadhiwa na zinatafutika kwa intaneti: jina la shule, kaunti, gharama, nani alitoa kiasi gani, na mara nyingi picha. Jihadhari na majina. Shule ikiitwa jina la kanisa leo, kwenye kadi inaweza kuwa na jina la mto. Waulize wazee kabla hujakata tamaa.

Kazi inaanzia wapi? Tumechanga kidogo na watu wanataka kupaka rangi.

Msipake rangi. Najua rangi inaonekana, na mchangiaji anapenda kuona. Lakini jengo la mbao halifi kwa kukosa rangi nzuri, hufa kwa maji. Paa kwanza. Kama hamna fedha za mabati mapya, nunueni turubai zito, lifungeni kwa vibao vya kupigiliwa misumari, si kamba na mawe, kisha mrudi kulikagua kila baada ya upepo mkali. Baada ya paa, ondoeni maji karibu na nguzo: safisheni gata, chimbeni mfereji mdogo, ng'oeni miche na mizabibu inayotambaa ukutani. Mchwa hupenda mbao mbichi kwa maji. Mkikausha jengo mmemfukuza nusu.

Kama mtachukua miaka kabla ya kuanza kazi kubwa, lifungeni vizuri. Plaiwudi kwenye madirisha, ndiyo, lakini plaiwudi yenye matundu yaliyowekewa wavu, jengo lipumue. Na msizibe ule uwazi chini ya sakafu. Kuna shule niliyoitwa kuitazama ambayo mkandarasi aliizungushia matofali chini kote ili "iwe nadhifu". Baada ya miaka michache boriti za chini zilikuwa zinachotwa kwa kijiko.

Na hati? Mbona mnaongelea hati kila mkutano?

Kwa sababu hati ndiyo paa la pili, na huvuja kuliko la kwanza.

Sikiliza ilivyokuwa. Sharti mojawapo la Mfuko wa Rosenwald lilikuwa kwamba ardhi na jengo viwe mali ya mamlaka ya elimu ya umma. Maana yake, mkulima Mweusi alitoa ekari zake, kijiji kikatoa mbao na mikono, halafu hati ikaandikwa jina la bodi ya shule ya kaunti, ambayo wajumbe wake walikuwa Wazungu. Lengo lilikuwa serikali ilazimike kulipa walimu na kutunza jengo, na lengo hilo lilikuwa na akili. Lakini shule zilipofungwa, mwenye hati ndiye aliyeuza. Kuna kijiji kilichobahatika kununua tena jengo lake kwa mchango mwingine, yaani malipo ya mara ya tatu ukihesabu.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari, nenda ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti ukafuate mauzo moja baada ya jingine hadi leo. Unaweza kukuta jengo ni la kanisa lisilo na waumini tena. Unaweza kukuta ni la familia yenye warithi thelathini katika majimbo manane, wote wana haki, hakuna aliyefungua mirathi. Hiyo ya warithi wengi ndiyo ngumu kuliko zote, na wanaotoka kwenye ardhi ya ukoo wanaielewa bila mkalimani. Mtafuteni mwanasheria mapema. Wafadhili wengi hawatoi kwa jengo ambalo mwenyewe hajulikani, na hawakosei.

Tafuteni pia njia ya kufikia jengo. Sisi tulipata jengo, tukasahau kuuliza barabara ya kufika pale inapita kwa nani.

Madirisha ya plastiki si nafuu?

Leo nafuu, kesho hapana. Nitasema mengi hapa, ni fani yangu.

Dirisha la shule hizi lina sehemu mbili za vioo zinazopanda na kushuka, zikivutwa na kamba iliyofungwa kwenye uzito wa chuma uliofichwa ndani ya fremu. Kila sehemu ina vioo vidogo vingi, mara nyingi tisa juu na tisa chini. Mtu akiliona limekakamaa, rangi imebanduka, kioo kimepasuka, anasema limekufa. Halijafa. Kila kipande chake kinafunguka na kutengenezeka: kamba ni ya kubadilisha, puti (ule ute mzito wa kushikia kioo) ni ya kukwangua na kuweka upya, ubao wa chini uliooza unakatwa na kuungwa kipande kipya. Dirisha la plastiki likiharibika halina cha kutengeneza, linatupwa lote.

Halafu kuna mbao zenyewe. Msonobari wa zamani wa kusini ulikua polepole msituni. Ukiukata kwa msumeno utaona pete zimebanana kama kurasa za kitabu, na unanukia utomvu hata baada ya miaka mia. Mbao za dukani leo zimetoka kwenye miti iliyolazimishwa kukua haraka, na haziwezi kushindana nazo. Kuitupa fremu ya msonobari huo ni sawa na kumchinja ng'ombe wa maziwa kwa sababu kamba imekatika.

Tatu, safu ya madirisha ndiyo shule yenyewe. Ukiipunguza ukaweka vidirisha viwili vya dukani umebakiza sanduku, na wakaguzi wa majengo ya kihistoria watakwambia hivyo kwa lugha ya adabu.

Chukueni dirisha moja baada ya jingine, liandikeni namba kabla ya kulitoa, na mfundishe vijana. Puti haihitaji digrii, inahitaji subira.

Rangi ya awali ilikuwa gani?

Vitabu vya ramani vilipendekeza kwa nje rangi ya kahawia yenye mapambo meupe, au nyeupe yenye mapambo ya kijivu, au kijivu hafifu yenye mapambo meupe. Ndani, sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa ya kahawia, juu rangi hafifu, dari karibu na nyeupe ili irudishe mwanga. Lakini kitabu ni kitabu. Chukua kisu kikali, mahali palipojificha kama nyuma ya kitasa, ukwangue kidogo kidogo uone tabaka la chini kabisa.

Tahadhari: rangi ya kabla ya mwaka 1978 ichukulie kuwa ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hadi ipimwe. Usiikwangue ikiwa kavu, iloweshe maji, vaa barakoa yenye kichujio, tandika nailoni chini, na watoto wakae mbali. Usitumie moto wa gesi wala mashine ya kupulizia mchanga. Wa kwanza utachoma shule, wa pili utakula mbao.

Nguzo za matofali zimemomonyoka. Tujazie saruji?

Hapa naungama. Nguzo ya kwanza niliyoitengeneza niliijaza saruji, kama nilivyozoea nyumbani: saruji nzuri, ngumu, iliyokaa sawa kwa pima maji. Baada ya majira mawili ya baridi uso wa matofali ulianza kubanduka kama maganda, na saruji yangu imesimama pale pale, imara, inanicheka.

Tofali la zamani ni laini na hunywa maji. Likizungukwa na chokaa, maji hutokea kwenye chokaa. Likizungukwa na saruji ngumu, maji hunaswa ndani ya tofali, baridi inayagandisha, yanatanuka, tofali linapasuka. Kinachotakiwa ni mchanganyiko laini kuliko tofali, wenye chokaa nyingi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nimetoka pwani, ambako nyumba za mawe zimesimama karne kwa chokaa iliyochomwa kwenye matanuri. Babu angenishangaa.

Kuna tofauti gani kati ya kuhifadhi, kukarabati na kurejesha?

Viwango vinavyotumika Marekani hutolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani (ambayo kule haihusiki na polisi, bali na ardhi ya umma na hifadhi za taifa). Vinatambua njia nne. Kuhifadhi ni kulishika jengo lilivyo leo, pamoja na mabadiliko yaliyokwisha kuingia. Kukarabati kwa matumizi mapya ni kuruhusu jiko au choo, bila kuua sura. Kurejesha ni kulirudisha kwenye mwaka fulani na kuondoa yaliyoongezwa baadaye. Kujenga upya ni pale ambapo hakuna kilichobaki. Shule nyingi huchukua njia ya pili, na ndivyo ninavyoshauri. Chagueni kabla ya kazi, maana wafadhili watauliza.

Tunaweza kulihamisha?

Mnaweza, na imefanyika. Shule ya Rosenwald ya Columbia, huko Brazoria County, Texas, ilikutwa ikitumika kuwekea majani ya mifugo. Ikahamishiwa mjini West Columbia na kutengenezwa upya. Bila hivyo isingekuwapo. Lakini kuhama kunapunguza nafasi ya jengo kuandikwa kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na kunalitoa kwenye kiwanja ambacho mtu fulani alikitoa akijua anatoa nini. Iwe ni hatua ya mwisho, wakati mwenye ardhi ameshaleta tingatinga.

Likiandikwa kwenye Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, halibomolewi tena?

Hili huwashangaza wengi: mwenye mali binafsi anayetumia fedha zake anaweza kulibomoa kesho yake. Rejista ni heshima na ni ufunguo wa fedha, haina askari. Inachofanya ni kuwalazimisha wa serikali kuu kufikiri mara mbili kabla ya mradi wao, kama barabara, kuligusa. Ulinzi wenye meno hutoka kwenye sheria za mji au kaunti, au kwenye masharti yanayoandikwa ndani ya hati yenyewe ili yamfunge kila mmiliki ajaye. Tumerudi kwenye hati.

Fedha zinatoka wapi?

Nyingi huanzia kwenye sahani za samaki wa kukaanga, kama mwaka 1920. Baada ya hapo kuna ruzuku za jimbo, kuna mfuko wa African American Cultural Heritage Action Fund ulioanzishwa na National Trust mwaka 2017, kuna wakfu za mikoani. Punguzo la kodi la serikali kuu la asilimia 20 lipo, ila ni kwa majengo yanayoingiza kipato, kwa hiyo kamati nyingi halizifai. Jueni kwamba ruzuku nyingi hulipa baada ya kazi: mnatumia kwanza, mnapeleka risiti, mnarudishiwa. Kamati isiyo na akiba hukwama ikiwa na barua ya ushindi mkononi. Na tunzeni risiti kama mnavyotunza pasipoti.

Tukimaliza, litatumika kufanya nini?

Liulizeni swali hili mwanzoni. Jengo lisilo na watu huanza kuvuja tena. Shule ya Noble Hill huko Cassville, Georgia, iliyojengwa mwaka 1923, ilifunguliwa mwaka 1989 kama makumbusho na kituo cha utamaduni. Scrabble School, huko Rappahannock County, Virginia, ilifunguliwa tena mwaka 2009 kama kituo cha wazee, pamoja na maonyesho ya historia ya Wamarekani Weusi wa eneo lile. Mimi huipenda hiyo ya pili. Watu wanakuja kila wiki kula na kucheza karata, na historia iko ukutani hapo hapo, haikufungiwa kabatini.

Kuhusu choo na njia ya viti vya magurudumu: vinawezekana. Njia ya magurudumu iwekwe nyuma au pembeni, iungwe kwa namna ya kuweza kuondolewa bila kovu.

Tuanze na jengo au na wazee waliosoma humo?

Wazee. Paa linaweza kungoja wiki mbili chini ya turubai. Waliosoma darasa la kwanza mwaka 1948 wana zaidi ya miaka themanini sasa. Mpeleke mzee ndani ya jengo, mwache atembee, usimjaze maswali. Mmoja alituonyesha mahali lilipokaa jiko la chuma la kuni, akatueleza kwamba waliokaa karibu nalo waliungua na waliokaa mbali waliganda, na kwamba wavulana wakubwa walifika mapema kuliwasha. Tulikuwa tumeshapanga kuziba tundu la bomba lake kama kasoro.

Rekodi sauti, andika jina na tarehe, skani picha nyumbani kwake na umwachie picha yake.

Mimi niko Kenya au Tanzania na tuna shule ya zamani ya misheni. Haya yananifaa?

Paa, maji, chokaa na hati vinakufaa kama vilivyo. Sheria ni tofauti: Tanzania Bara wenye neno ni Idara ya Mambo ya Kale, chini ya sheria ya mwaka 1964, Kenya ni Makumbusho ya Taifa, chini ya sheria ya mwaka 2006. Waone kabla ya kamati ya shule kuamua kubomoa ili ijenge madarasa mapya, maana kwetu adui mkubwa si kuachwa, ni mradi. Na mwalimu mkuu ana haki ya kutaka madarasa. Msaidieni ayapate upande wa pili wa kiwanja.

Nataka kuja kusaidia. Nije na nini?

Viatu vya soli nene, misumari ya zamani bado iko kwenye nyasi. Glavu. Maji yako ya kunywa. Kama una tindo nzuri uje nayo, uiandike jina. Ujuzi si lazima. Kuna mbao za kubeba na puti ya kukwangua. Jumamosi tunaanza saa moja asubuhi kabla jua halijakaza. Mlango wa mbele bado haufunguki, pitia wa nyuma.